Karatasi za Njugu

Mimi ni mkali kazini, sikatai. Mtu akiniletea barua za baba yake zimeliwa na mchwa ndani ya katoni ya sabuni, humuuliza angepungukiwa na nini kama angezifunga kwa nailoni. Wenzangu katika ofisi ya nyaraka za zamani, hapa Meru mjini, hunitania kwa kuniita mwalimu wa zamu. Jina hilo nililipenda mpaka Jumanne iliyopita, dada yake babu yangu alipoingia na kitu alichokifunga kwa leso.

Tulikuwa tukikusanya barua na madaftari ya wanajeshi waliopigana Burma, tuyaonyeshe kwenye hema siku ya gwaride la mashujaa. Bibi huyu, shosho kama tunavyomwita, ndiye aliyebaki peke yake katika kizazi chao, na alikuwa ametoka Githongo kwa pikipiki na uzee wake wote. Akafungua leso, akaweka mezani daftari la babu la vitani, lenye jalada jeusi. Yeye hajui kusoma. Alitaka jambo moja tu: nimwambie alikozikwa kaka yao mwingine, aliyekwenda vitani pamoja na babu asirudi. Jina la kigeni la mahali pale babu alikuwa amelisahau, akamwambia tu ameandika humo. Alitaka kupajua kabla hajafa, ili patajwe familia inapomwombea marehemu.

Nililijua daftari lile hata kabla halijafunguliwa. Niliogopa kuligusa.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mama aliuza njugu karanga, na kazi yangu ilikuwa kusokota karatasi za kufungia. Tulizoea kutumia madaftari yangu ya mwaka uliopita, lakini asubuhi ya sikukuu moja ya taifa yaliisha, na uwanja wa chifu ulikuwa unajaa watu waliokuja kuona gwaride. Niliingia chumbani kwa babu, nikavuta daftari chini ya kitanda. Mama alikuwa amenifundisha kuweka rula kwanza ndipo nirarue, ili karatasi isiende upande. Nilirarua kurasa tisa za katikati, kila moja nikaigawa mara mbili. Niliona wino umefifia, nikajiambia mzee ameshayasoma hayo.

Babu alipita na wazee wenzake waliopigana, kwenye jua kali, amevaa koti zito lenye medali, goti lake moja halikunjiki. Watu walimpigia makofi, nami nikapiga. Gwaride lilipokwisha alikuja kununua njugu kwangu, kama alivyofanya kila mara ili kunitia moyo. Alizimimina kiganjani, akakunjua karatasi, akaitazama kwa muda mrefu. Nilingoja kofi. Aliuliza nimebakisha ngapi, nikamjibu kwamba hiyo ndiyo ya mwisho. Aliikunja, akaitia kwenye mfuko wa koti.

"Njugu ni tamu," akasema.

Hakulitaja tena jambo hilo. Mimi nami sikumwomba msamaha, na alifariki nikiwa kidato cha pili. Nimeishi na aibu hiyo nikiwagombeza watu wengine kwa ajili ya mchwa.

Sasa nilifungua daftari mbele ya shosho. Katikati, pale niliporarua, palikuwa na nusu ya ukurasa yenye madoa ya mafuta, imeshonewa mahali pake kwa uzi mweusi. Nilimsomea kwa sauti mstari wake wa mwisho: Leo mchana nimemzika ndugu yangu, upande wa kushoto wa barabara ya kwenda.

"Ya kwenda wapi?" akauliza shosho.

Nilimwambia mchwa wamekula hapo. Nikachukua fomu, na kwenye nafasi ya hali ya waraka nikaandika mchwa, mimi mwalimu wa zamu. Shosho alipitisha kidole taratibu kwenye ukingo wa karatasi, toka mwanzo hadi mwisho.

"Hawa mchwa wenu wanakulanga na rula?"

Hapo nilimwambia yote: njugu, mama, koti la babu. Nililia, na sikuwa na haki ya kulia mbele yake.

"Babu yako alinikataza kukuuliza," akasema. "Alisema huyu mtoto atasema mwenyewe. Nimengoja hadi meno yakaisha."

Nilimuuliza nifanye nini. Alifikiri, huku akikunja leso yake.

"Siku ya gwaride, simama wewe usome hiyo penye imefika. Halafu uwaambie watu kwa nini inaishia hapo."

Nimefuta mchwa kwenye fomu, nikaandika mjukuu. Gwaride ni kesho. Tangu asubuhi nimekuwa nikijaribu kuusoma mstari ule peke yangu ofisini, na kila nikifika kwenye maneno barabara ya kwenda, namsikia shosho akiniuliza wapi.