Mama wa Ukutani

Sisi tuliokulia kwenye kota za reli pale Nakuru, enzi zile harufu ya pareto ya kiwandani ikitufuata hadi kitandani, tunajua picha ilikuwa kitu cha maana. Mpiga picha alipita Jumapili baada ya kanisa. Mnajipanga ukutani, mnaambiwa msipepese macho, kisha mnangoja wiki tatu. Ukipepesa, basi, utabaki umefumba macho maisha yako yote.

Mwaka niliotimiza miaka tisa, Mama aliugua kifua akalazwa. Watoto hatukuruhusiwa wodini. Nikaachiwa mdogo wangu Nafula, ambaye hata miaka miwili hakuwa amefikisha. Mwanzoni alilia akimwita Mama mpaka sauti ikamkauka. Baada ya mwezi akanyamaza. Majirani wakasema amezoea, ni vizuri. Baba hakuona uzuri wowote. Nilimsikia akimwambia Mama Chebet wa nyumba ya pili, "Huyu mtoto anamsahau mamake."

Jumamosi iliyofuata alichukua picha ya Mama ya Krismasi, ile amejifunga kitambaa cha madoadoa kichwani, akaipeleka studio mjini ikachapishwe kubwa. Ilirudi kwenye karatasi nyembamba ambayo ungeipumulia ingepasuka. Baba akabomoa boksi la mbao akapigilia fremu. Tulikuwa na mfuko wa unga wa ngano, ule wa kitambaa cheupe. Nikaufua mpaka maandishi yakafifia, tukauvuta juu ya fremu na kuukaza kwa misumari midogo.

"Vuta, Nekesa! Kikilegea, mamako atakuwa na makunyanzi," Baba alisema, akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu Mama aondoke.

Gundi niliipika mwenyewe, unga wa ngano na maji, kama uji mzito. Tukaipaka, tukalaza karatasi polepole, nikasukuma mapovu ya hewa kwa mgongo wa kijiko kutoka katikati hadi pembeni. Ilipokauka, Mama alikuwa pale ukutani, akituangalia.

Kila asubuhi nilimbeba Nafula juu. "Msalimie Mama." Siku ya nne akaanza kumlisha uji. Midomo ya Mama ikapata doa ambalo halikutoka tena.

Miezi mitano ilipita kabla Mama hajarudi. Alikuwa amekonda, kichwa kimenyolewa, sweta linamning'inia. Alipiga magoti mlangoni akafungua mikono. Nafula akajificha nyuma ya miguu yangu.

"Nenda kwa Mama," nikamsukuma.

Akanyoosha kidole ukutani. "Mama huyu," akasema.

Baba akainuka aishushe ile picha, lakini Mama akamshika mkono.

"Iache. Mtoto hana makosa."

Aliingia chumbani, akatoka amejifunga kile kitambaa cha madoadoa, akaketi kwenye stuli chini ya picha. Hakumwita mtu. Alivuta karai akaanza kumenya viazi, kama mtu ambaye hakuwahi kwenda popote. Nafula akaangalia juu. Akaangalia chini. Akaangalia juu tena. Mwishowe akaenda jikoni, akarudi na kikombe chake cha uji, akakisukuma kwenye midomo ya Mama. Mama akanywa huku machozi yakidondokea kikombeni. Baba alitoka nje akasema anaangalia kuku. Hatukuwa na kuku.

Mwezi uliopita nilianza kutengeneza picha ya namna hiyo na binti yangu. Siku hizi kanvasi inauzwa ikiwa tayari kwenye fremu, na pale cyber wanakuchapishia ukiwa umesimama. Aliponiona nikikoroga gundi kwenye sufuria alishangaa. "Mathe, si uagize tu online?" Nikamwambia achague picha, na hapo ndipo jioni yote ilipoishia, maana simu yake ina maelfu. Nilimwonyesha moja, watu wanacheka kando ya meza ya nyama choma huko Kikopey, nikamwuliza ilikuwa siku gani.

"Aki sijui, Mathe. Sikumbuki hata nani alipiga."

Sikumlaumu. Sisi nyumbani tulikuwa na picha nne tu, na hadi leo naweza kukuambia katika kila moja nani alisimama wapi, jua lilikuwa upande gani, na nani alikuwa ametoka tu kulia.