Fundi Saa na Samaki wa Mdomo Mpana

Macho yalimwondoka fundi saa taratibu, kwanza pembeni, kisha katikati. Miaka thelathini na moja alikuwa akifungua saa za watu kwenye kibanda chake kando ya posta, na mtaani walimwita Sekunde. Daktari alipomwambia kwamba mshipa wa jicho ukishakufa haufufuki, alifunga kibanda, akampa mkewe ufunguo. Tangu hapo akawa mtu wa kukaa kitini na kununa. Alinuna mpaka chai inapoa mkononi.

Aliyemtoa ndani ni shemeji yake, mdogo wa mkewe, mwanamke anayeendesha lori la taka, na kila Jumamosi asubuhi huenda kuvua bwawani.

"Shemeji, vaa viatu twende."

"Kipofu akavue nini?"

"Hata wenye macho wanarudi mikono mitupu. Kwa kukosa, hutawashinda."

Mkewe alicheka jikoni. Fundi akavaa viatu kwa hasira.

Bwawani watu walikuwa wakimwinda besi, samaki wa mdomo mpana anayejificha kwenye magugu na kumeza wenzake. Wengi walitumia vijisamaki vya bati vinavyong'aa, wakivirusha mbali na kuvivuta mbio. Shemeji alimpa kimoja. Mara tatu kikanasa kwenye magugu. Mara ya nne mshipi ukakatika.

"Nirudishe nyumbani," fundi alisema.

Shemeji hakubisha. Alimwekea sanduku la chambo mapajani. "Basi nipangie hivi wakati nafungasha. Vimechanganyikana."

Vidole vilivyozoea skrubu ndogo kama punje ya mchanga vikaanza kazi. Vya bati huku, vya mbao kule. Kisha akagusa mnyoo wa mpira, laini, mkia umepinda.

"Huyu anavutwaje?"

"Polepole, chini kabisa. Mimi simtumii, sina subira. Ncha ya ndoana unaificha ndani ya mpira, magugu hayainasi. Juu yake unatia chubwi la risasi limzamishe."

"Na samaki akija, unamwonaje?"

"Humwoni. Unamsikia mkononi."

Fundi alimnyooshea mnyoo ule. "Nifungie."

Akarusha, akangoja mshipi ulegee, ishara kwamba mnyoo umefika chini. Akavuta shubiri moja, akapumzika. Kupitia mshipi akaisikia changarawe ikikwaruza, kisha tope zito lisilosema kitu, kisha kisiki. Hapo akasita. Kitu kikagonga mara mbili, kama mtu anayebisha hodi kwa kidole kimoja. Akavuta papo hapo, na ndoana ikaja tupu.

"Umemnyang'anya tonge mdomoni," shemeji alisema. "Mwache ageuke nalo."

Ilipita saa nzima. Alirudia kisiki kilekile, na hodi ikabishwa tena. Safari hii alibana pumzi mpaka mshipi ukaanza kwenda kando wenyewe, ndipo akavuta. Fimbo ya kuvulia ikapinda. Shemeji aliingia majini hadi magotini na wavu wa mkono, akamtoa besi wa kilo mbili na robo.

"Mkubwa?"

"Mshike mwenyewe."

Alimpapasa kutoka mkiani hadi kichwani, ngumi yake nzima ikaingia kinywani. "Mlafi huyu," alisema, akacheka hadi kofia ikaanguka. Shemeji anasema hakuwa amekisikia kicheko hicho kwa miezi minane.

Nyumbani mkewe aliuliza, "Nani kakupa?"

"Nimemvua."

"Wewe na nani?"

"Mimi na mnyoo."

Si kila Jumamosi hupata. Lakini siku hizi wavuvi wenzake humwambia rangi ya maji, naye huwachagulia chambo kwa vidole: maji yakichafuka kwa mvua, kinene kinachotikisa maji, yakiwa maangavu, chembamba kisicho na haraka. Mkewe naye amezoea kwenda nao. Ameanza kulalamika kwamba fimbo ya kuazima inamchosha bega, anataka yake.