Mwaka wa Leseni

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, wekeni simu chini kwanza. Sitaandika mengi, na sirudii. Mnaniuliza nilikuwa nafanya nini miaka yote ile Toronto, maana kazi sikuwa nayo na Kiingereza changu ni cha dukani. Nilikuwa nakaa. Nilikaa ghorofa ya tisa, mtaa wa Mount Dennis, nikitazama mabasi ya Weston Road yakishusha watu nisiowajua. Na nilikuwa nangojea mwaka wa binti yangu wa kusoma.

Binti yangu ni dalali wa nyumba. Kwetu Kigoma dalali anahitaji mdomo na viatu. Kule anahitaji leseni, na leseni yenyewe ina miaka miwili tu ya kuishi. Ikikaribia kwisha haiongezwi mpaka asome tena masomo aliyopangiwa na ajibu maswali yake. Hata awe ameuza nyumba mtaa mzima, atasoma. Asiposoma, siku ikifika anakuwa mtu wa njiani kama mimi, hana ruhusa ya kumwuzia mtu hata banda.

Yeye aliuchukia mwaka ule. Mimi niliupenda, na nitawaambia kwa nini.

Siku za kawaida sikumpata. Asubuhi ananiachia chai kwenye chupa, jioni yuko na wateja, na Jumamosi na Jumapili mchana ndipo watu wanapotaka kuonyeshwa nyumba, kwa hiyo hata kanisani nilikwenda peke yangu. Akiwa nyumbani simu imebanwa kati ya sikio na bega, anapita akinipungia mkono kama tumekutana stendi. Mkwe wangu alikuwa kiwandani, zamu ya jioni. Wajukuu wangu wawili wakitoka shule wanakula, wanaingia chumbani. Nikiwauliza kitu wanaelewa vizuri sana, lakini wananijibu Kiingereza, neno moja, mlango unafungwa. Siku moja nilijikuta naijibu redio. Redio yenyewe ilikuwa inasema Kireno.

Basi leseni yake ya kwanza ilipokaribia kwisha, miaka ile ya elfu mbili na kitu, alifungua kompyuta mezani jikoni, akasoma, akashika kichwa. Mimi nilikuwa nachambua mchele.

"Kuna nini?"

"Nasoma, Mama, haiingii. Maneno yao kama ya mahakamani."

"Nieleze mimi."

"Wewe? Utaelewa nini?"

"Eleza. Nisipoelewa, shida iko kwako wewe mwalimu."

Akacheka, akaanza. Akikosa neno la Kiswahili analizunguka, anarudi nyuma, anajaribu njia nyingine, na akifika kwangu anakuwa ameelewa na yeye. Tangu siku ile ikawa ndiyo desturi yetu. Leseni ikikaribia kwisha, jioni baada ya jioni yeye anakaa na kompyuta yake, mimi upande wa pili wa meza, na simu anaizima. Anaizima kabisa! Sikuwahi kumwona akiizima hata pasta alipotutembelea.

Mimi nimeishia darasa la nne, na msidhani nilikuwa na akili iliyofichika. Nilikosea karibu kila kitu.

"Haya, Mama. Mwenye nyumba anakuambia, besimenti, kile chumba cha chini ya ardhi, iliingia maji mwaka jana, nimepaka rangi, usimwambie mnunuzi. Wewe dalali unafanya nini?"

"Nanyamaza. Nyumba ni yake."

"Umeshapoteza leseni."

"Nimeipoteza vipi? Si yeye ndiye aliyeniajiri?"

"Kakuajiri, lakini hukuajiriwa kuficha maji."

"Mimi sikuficha. Rangi kapaka yeye."

"Mama!"

"Haya, endelea. Leta lingine."

"Kama kuna mtu alifia ndani ya nyumba?"

"Hapo nasema! Nasimama mlangoni, nasema!"

"Hapo ndipo hutakiwi kuropoka. Kwanza unazungumza na mwenye nyumba, na mwanasheria pia."

"Watu walale na marehemu wasiyemjua, eti mnamngoja mwanasheria?"

Alicheka mpaka akalaza paji la uso kwenye kompyuta. "Mama, nakuomba usiache kunijibu. Lile unalochagua wewe, mimi nabonyeza lingine, napata."

Wajukuu walitoka chumbani kuona nani anacheka. Yule mdogo akavuta kiti, akabaki.

Lakini sikuwa napenda habari za besimenti. Nilipenda yaliyokuja katikati. Akichoka kusoma ananyoosha miguu, ananisimulia. Alinisimulia habari za mama mmoja aliyeingia nyumba ya kupangisha kule Parkdale akalia mbele ya sinki, hakusema sababu, akatoka. Alinisimulia kwamba anaogopa kuzeeka katika kazi ya kupanda ngazi za watu. Usiku mmoja wa somo aliniambia goti lake linamuuma tangu kiangazi. Theluji ilikuwa imeshaanguka. Tangu kiangazi, na tunaishi nyumba moja, tunatumia choo kimoja, sikujua.

Kisha anafaulu, anapiga kelele, ananibusu kipajini. Kesho yake simu iko begani na kiti cha pili ni kitupu, mpaka miaka miwili ipite.

Tulikwenda hivyo mara kadhaa. Wajukuu wakarefuka wakanipita. Barabara ya Eglinton ikachimbwa kupitisha treni, mabasi yakabadili njia, nikaacha hata kutoka kwenda sokoni mpaka mtu anipeleke. Mwaka wa leseni ukakaribia tena. Niliujua bila kuambiwa. Nikamwagiza mkwe wangu samaki, nikawakaanga, nikafuta meza, nikakaa upande wangu. Binti yangu akaingia na koti lake.

"Tunaanza leo?" nikamwuliza.

"Tunaanza nini?"

"Somo. La leseni."

"Aa, Mama, nimeshamaliza. Wiki iliyopita. Nimelifanyia kwenye simu, ndani ya gari, nikisubiri wateja."

"Na umefaulu?"

"Nimefaulu."

"Nani alikueleza?"

"Hakuna. Siku hizi nimezoea."

Nikamwambia hongera. Akachukua kipande cha samaki kwa vidole, simu ikalia, akaingia nayo chumbani.

Nilibaki pale. Sikulia, mimi si mtu wa kulialia. Nilijaribu kutafuta kosa nimkalishe chini nimgombeze, sikulipata. Leseni ipo, kodi inalipwa, watoto wameshiba, na mtu mzima amefanya kazi yake bila kumsumbua mama yake. Ningemshtaki kwa lipi? Wiki ile nilikaa dirishani nikawa nasema peke yangu majibu ya maswali ambayo hakuna aliyeniuliza. Nikaisikia sauti yangu mwenyewe. Nikajitisha.

Jumapili iliyofuata, jioni, wote walikuwa ndani, mkwe wangu naye, kila mmoja na simu yake kwenye kona yake. Nikasimama katikati ya sebule nikagonga sufuria kwa mwiko mpaka wote wakaniangalia.

"Bibi, what?" mkubwa akasema.

"Usiniulize kwa Kiingereza. Simu zote ziingie kwenye droo ya vijiko, sasa hivi, na ya dalali itangulie. Kila Jumapili jioni mtakaa hapa mezani, na kila mtu atanieleza jambo moja la wiki yake kwa Kiswahili, mtihani uwepo usiwepo. Anayekosa neno alizunguke. Na haondoki mtu kwenye kiti mpaka mimi nimeelewa."