Fizi za Mama Yangu

Siku moja ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile mama yangu alipofika zahanati kule Kisarawe akitokea Kibuta, akanipita mimi mwanawe, akaenda kukaa kwenye benchi la wagonjwa wa Athumani.

Enzi hizo za Mwingereza tulikuwa madresa wawili, yaani wasaidizi wa tiba, mimi na Athumani, tuliofundishwa na daktari mmoja. Fizi ikitoka damu, alituambia, bonyeza uone kama ina usaha, kisha tikisa jino. Likiwa imara, ugonjwa uko juu, husafishika. Likicheza, na fizi imerudi nyuma, ugonjwa umefika mfupani. Mimi nilikuwa mwepesi wa koleo. Nikiona damu, nang'oa. Athumani alitikisa jino moja moja, na watu wakamkimbilia. Chema chajiuza, lakini mimi nilimwona ameniibia.

"Mama, njoo kwangu," nikasema.

Akaja shingo upande. Nikaona damu kwenye meno ya mbele. "Haya mawili yatoke."

Mzee mmoja aliyekuwa akisubiri akacheka. "Dresa, ukishatung'oa wote, mahindi ya kuchoma atatafuna nani?"

Nikashika koleo kwa hasira. Mama akafumba mdomo, kisha akasema taratibu, "Mwanangu, hukutazama kinywa changu. Unamtazama Athumani."

Nikashusha koleo. Athumani akasogea. "Shikamoo, mama. Niruhusu."

"Marahaba, baba."

Akabonyeza: usaha hakuna. Akatikisa: meno yamesimama kama nguzo. Akamwagiza asukutue kwa maji ya chumvi na apige mswaki kila siku bila kuogopa damu. Fizi zikapona. Mama tulimzika na meno yale mawili.

Juzi tumemzika Athumani. Watu walikuja hata kutoka Mbwawa, wakimsifu, nami, udongo ungali mkononi, nikajiuliza kama kwangu watafika nusu yao. Sikufichi: nilimlilia, na bado nilimwonea wivu.

Basi, mwanangu, mtazame aliye mbele yako, si anayekushinda. Fizi ikitoka damu, usingoje. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na wivu uutibu ungali juu. Wangu niliuacha, ukafika mfupani.

Mungu akupe mkono wa subira, na amlinde huyo anayekushinda, upate kujifunza kwake angali hai.