Wifi Yangu na Tembo Mzima

Wifi yangu ni mchora mabango. Vinyozi, maduka ya dawa, magereji, wote wamepita mikononi mwake, na mjini kwetu huwezi kupata ukuta wa chekechea usio na tembo wake: mnene, anacheka, pembe kama ndizi. Tembo wa kweli hakuwahi kumwona hata siku moja.

Kaka yangu alipofariki, wifi alijifungia ndani. Mimi ni mtu wa utani, lakini kwake utani wangu wote ulidoda. Kisha asubuhi moja akaja kuniaga kwamba anachukua pikapu ya marehemu, anakwenda porini kuona wanyama. Peke yake.

"Na ukikwama huko nani atakukwamua?"

"Nitajua hukohuko, wifi."

"Unarudi lini?"

Akawasha gari, akaondoka. Tembo hawakunitia wasiwasi. Niliogopa kwamba anayeondoka hana haja ya kurudi. Mchana kutwa nilipiga simu yake, haipatikani, nikaishia kumgombeza mume wangu ambaye hakuwa na kosa lolote.

Yaliyotokea porini alinisimulia mwenyewe. Kwenye njia ya vumbi alikuta ubao: marufuku kushuka kwenye gari. Mtu mwingine angeusoma. Wifi aliukagua. Herufi zimelala upande, mbao haikupigwa msasa, rangi imechuruzika, aliyeuandika kalipua kazi. Alipomaliza kuusema ubao wa watu alikuwa ameshaupita, na ujumbe wenyewe haukumwingia hata chembe.

Mbele kidogo akamwona. Tembo jike, kando ya njia, anakwanyua matawi. Kupitia dirishani alionekana vipandevipande: mara sikio, mara goti. Mchora mabango hawezi kuvumilia vipande. Akashuka, akafumba jicho moja, akanyoosha mkono na kuinua dole gumba kupima kichwa kwa mwili. Halafu akaanza kurudi nyuma, kama anavyorudi nyuma mbele ya kila ukuta, hatua baada ya hatua, mpaka tembo akaenea machoni mwake mzima. Gari likabaki kule, mlango wazi.

Hapo kichaka kilicho ubavuni mwa gari kikatikisika, akatoka mtoto wa tembo. Akasimama katikati, huku wifi, kule gari. Mama akageuka. Masikio yakatanuka.

Akaja. Alipopita kwenye gari aliugonga mlango kwa bega, ukakunjika, wala hakupunguza mwendo. Alisimama karibu kabisa na wifi, hata pumzi zake zikasikika. Wifi hakukimbia, na tusimpe ushujaa wa bure: miguu ilikataa. Dole gumba lilikuwa bado liko juu.

"Mama," akasema, "nisamehe. Nina ukuta sijaumaliza. Nyumbani wananisubiri. Mama, nakuomba."

Tembo akatikisa kichwa, masikio yakapiga kwa kishindo. Mkonga ukanyooka, ukamnusa kifuani, ukashuka mpaka kwenye vidole vyenye harufu ya rangi. Wifi akafumba macho. Alipoyafumbua, mama alikuwa anamsukuma mtoto wake kurudi kichakani, taratibu, kama vile yeye wifi hayupo.

Alifika kwangu jua limezama, mlango wa pikapu umefungwa kwa kamba. Nilikuwa nimejiandaa kumfokea, na nikaanza vizuri tu, lakini hakuinua uso.

"Wifi, hebu nisikilize. Tangu tumzike kaka yako nilikuwa nasema, nikiishi sawa, nikifa sawa. Leo pale sikutaka kufa. Hata yeye sikumkumbuka. Nilitaka kuishi tu, nikaomba kama mtoto mdogo. Naona haya kukwambia wewe, dada yake."

Iliniuma kwa ajili ya kaka yangu, sitaficha. Amelala peke yake kule, na mkewe ameshaanza kumwacha. Nikainuka, nikaenda jikoni nikasimama kidogo mpaka macho yakauke. Kisha nikapakua chakula, nikamjazia sahani, nikaketi karibu naye. Alikula, akamaliza chote, akaniuliza kama kuna kingine.

Nikampa na cha kwangu.