Uji wa Mwisho wa Marehemu

Kwa miaka sita nilimuua mume wangu jukwaani, Jumamosi baada ya Jumamosi, katika kumbi za makanisa na shule za Kakamega. Nilimtilia sumu ya panya kwenye uji. Alipokata roho tu, mchungaji alibisha hodi, ikanibidi nimkalishe marehemu kitini na kumshikisha gazeti. Watu walicheka mpaka tukasimama kungoja watulie. Aliyeigiza mume huyo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Malinya, mtu mpole. Mimi ni muuguzi.

Mwaka juzi, mwanamke aliyesomea utengenezaji wa filamu aliomba kuugeuza mchezo wetu kuwa sinema, yeye akiwa mwongozaji. Alikodi nyumba Lurambi, nami nikaitolea likizo yangu ya mwaka.

Kilichonichosha zaidi ni ukimya. Jukwaani, kicheko ndicho kilichoniambia sasa nyamaza, sasa sema. Pale hakuna aliyeruhusiwa kucheka. Mafundi walikodolea vyombo vyao macho huku mimi nikiua. Tukimaliza, kamera inahamishwa, mwalimu anafufuka, tunaanza upya. Mvua ikipiga mabati tunakaa kuisubiri ipite, kwa sababu ya sauti.

Kufikia siku ya tatu mwalimu alikuwa ameanguka mara kumi na nne, na goti lake limevimba. Nilimfunga bandeji. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, safari hii nitilie ya kweli." Nilijua ni mzaha, lakini hata nguvu ya kutabasamu sikuwa nayo.

Alianguka tena. Nikangoja mwongozaji aseme basi, sikumsikia, nikadhani wamemaliza. Nikakaa sakafuni kando ya maiti, nikavua viatu. Tangu asubuhi sikuwa nimetia kitu tumboni. Kikombe cha uji kilikuwa pale, nusu yake imebaki. Nikakinywa chote, polepole, nikafuta mdomo kwa leso. Ndipo nikaambiwa nipumzike.

Filamu ilipokuwa tayari, ilionyeshwa mchana katika ukumbi mmoja mjini. Nilikwenda na mama. Watu walicheka vizuri, hata pale penye gazeti. Kisha nikajiona nimekaa sakafuni, viatu kando, ninakunywa sumu. Sinema ikaishia hapo. Ukumbi mzima ulikuwa kimya. Mama alinishika mkono.

"Hapo hukuwa unaigiza," alisema. "Unakaliaga sakafu hivyo hivyo ukitoka kazini."

Nilimfuata mwongozaji nje nikiwa na hasira. Nilimwambia mwanamke niliyemwigiza hakuwa mtu wa kujiua. Alikuwa mjanja, na miaka yote sita aliponea. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akakiri kwamba aliiacha kamera ikiendelea makusudi, na kwamba hakuniuliza kwa kuogopa ningetaka kuirudia sehemu hiyo vizuri. Na kweli ningetaka.

Hatujaigiza tena tangu siku hiyo. Goti la mwalimu limepata nafuu, lakini amesema kuanguka basi. Watu hunisimamisha sokoni kuniuliza kama yule mama alijua kilichokuwa kikombeni. Huwa nawaambia sijui. Likizo iliyofuata niliipeleka kwa mama, nikalala siku mbili, naye hakuniamsha hata kwa chakula.