Kwa Ndege Mpaka Iringa, Pamoja na Baba na Mkwewe

Kaka yangu alifanya kazi katika shamba la tumbaku Iringa. Mkewe, shemeji Tusekile, alikuja kwetu Rungwe kujifungua. Mtoto alitakiwa kubatizwa Iringa Jumapili, na baba ndiye wa kumpa jina. Lakini mvua iliharibu barabara, na basi la siku mbili halikujulikana tena litafika lini. Bahati nzuri, Mzungu mwenye shamba alikuwa Mbeya na ndege yake ndogo aliyoiendesha mwenyewe, akatupa nafasi tatu.

"Mwendo wa saa moja na nusu tu?" mama alishangaa. "Basi nikibandika maharage, mtafika hayajaiva!"

Ila kwetu mkwe na baba mkwe hawaangaliani wala kusemeshana. Wakikaribiana njiani, mwanamke huingia migombani mpaka mzee apite. Baba alisema wazi kwamba wakitazamana hatakanyaga kanisani, na mtoto atakosa jina lake.

"Huko juu migomba iko wapi?" mama akauliza.

Baba akanigeukia. "Wewe ndiye mgomba."

Uwanjani Mbeya nilisimama kati yao nimetandaza blanketi. Mzungu akaamuru, "Mama na mtoto mbele! Wengine nyuma!" Baba akajikuta nyuma ya kisogo cha mkwewe. Akafumba macho.

Juu ya milima, ndege ilinguruma sana.

"Mwambie mke wa kaka yako amfunike mtoto!" baba alisema.

Mimi hata shuleni nilijibu kwa kunong'ona. Nikavuta pumzi. "SHEMEJI! Mfunike mtoto!"

"Mwambie baba nimemfunika!"

"BABA! Amemfunika!"

"Nimesikia," baba akasema. "Lakini usimwambie kuwa nimesikia."

Tulipofika juu ya mbuga za Usangu, ndege ilishuka ghafla kama imetumbukia shimoni. Blanketi likaruka, likamfunika Mzungu kichwa.

"Toa hii! Sioni!"

"Hata mimi sioni!" baba akamjibu kwa furaha, macho kayafumba vilevile.

Iringa tulipokewa na jirani wa kaka, mama wa Kihehe.

"Kamwene," alinisalimu.

"KAMWENE!"

"Polepole, mwanangu, mimi si kiziwi."

Jumapili nilimchukua mtoto kwa shemeji nikampelekea baba mlangoni mwa kanisa. Baba akamwita Ambokile, yaani Ameniokoa, akaingia naye ndani akitabasamu.

Tulirudi wawili kwa basi, tukilisukuma kwenye matope. Tulipopita Makambako, baba alinisogelea.

"Hivi, kule juu kulikuwaje?"

Nikamsimulia mito, mashamba, na kivuli chetu kilichopanda vilima. Nilijifunza kwamba ndege hufika upesi, lakini kumsimulia mtu aliyefumba macho kunataka siku mbili za basi.

Nyumbani, baba aliwaeleza majirani yote hayo vizuri kuliko mimi. Alipofika Usangu, akaongeza tembo aliyetupungia mkonga.

"Kweli?" waliniuliza.

Nilimtazama baba. Macho yake safari hii yalikuwa wazi kabisa.

"Wawili," nikasema.